Muziki wa Kanisa Kuu na Sauti ya Usharika

Mkristo atokaye Kamsamba, katika bonde lenye joto ambamo Mto Momba huteremka kuelekea Ziwa Rukwa, ana safari ndefu kabla hajafika Dar es Salaam. Huyaacha mashamba ya mpunga, hupanda hadi Mlowo, na hapo huingia katika barabara kuu itokayo Tunduma. Kisha hupita Mbeya, Iringa na Morogoro, mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kutoka Mlowo, mpaka auone mnara wenye paa jekundu ukitazama bandari. Huo ndio mnara wa Kanisa Kuu la Azania Front, makao ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Ujenzi wake ulianza mwaka 1898 kwa mikono ya Wajerumani, nalo likaanza kutumika mwanzoni mwa karne ya 20. Hadi leo ni nyumba ya ibada, na pia ni mahali ambapo matamasha ya muziki hufanyika, kwa kuwa ndani yake kimo kinanda kikubwa cha filimbi kilichotengenezwa kwa mikono.

Tuseme mgeni huyo amealikwa kuhudhuria tamasha la jioni. Ameketi benchini na karatasi ya ratiba mkononi. Majina yaliyochapwa humo ni Bach, Handel na Schütz. Hakuna anayehubiri, hakuna anayekusanya matoleo, na watu wamenyamaza kimya kabisa. Swali linalomjia moyoni ni la haki, nalo limewajia Walutheri wengi wa bara hili kabla yake: je, yeye hapa ni mgeni aliyekaribishwa kusikiliza mali ya wengine, au ni mrithi aliyeingia katika nyumba ya baba yake?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Usharika unapohesabu miaka 100, huhesabu wachungaji wake, majengo yake na waliobatizwa. Ni vema pia ukahesabu sauti yake: iliimba nini, iliimba kwa tuni ya nani, na kama bado inaimba.

Wimbo Warudishwa kwa Watu

Kabla ya Matengenezo ya karne ya 16, sehemu kubwa ya uimbaji katika makanisa makuu ya Ulaya ilikuwa kazi ya makasisi, watawa na wanakwaya waliofunzwa, nayo ilikuwa kwa Kilatini. Watu walikuwa na nyimbo zao za sikukuu na za kuhiji, lakini katika misa yenyewe walisikiliza zaidi kuliko walivyoimba. Martin Luther, ambaye mwenyewe alipiga ala ya nyuzi na kuimba, aliuweka muziki karibu sana na theolojia. Hakutaka kuifuta kwaya. Alitaka usharika nao uwe na sehemu yake. Mwaka 1524 kilitokea kitabu kidogo chenye nyimbo 8 tu, 4 kati ya hizo zikiwa zake. Mwaka huohuo huko Wittenberg, Johann Walter alitoa kitabu cha nyimbo za kwaya zilizopangwa kwa sauti kadhaa, na Luther akakiandikia dibaji.

Tangu mwanzo, basi, mambo mawili yalikwenda pamoja: wimbo ambao kila mtu aweza kuuimba, na ufundi wa wale waliojifunza kuupamba wimbo uleule. Muziki mkubwa unaosikika leo katika makanisa makuu umejengwa juu ya msingi huo. Mwenye kuujua wimbo wa usharika tayari anao ufunguo wa mlango.

Tamasha Lilizaliwa Kanisani, na Mlango Ulikuwa Wazi

Ziko fikra kwamba tamasha ni jambo la matajiri, lililoingizwa kanisani baadaye kutoka kumbi za anasa. Kwa habari ya kaskazini mwa Ujerumani, historia yasema kinyume. Katika mji wa bandari wa Lübeck, ndani ya Kanisa la Mtakatifu Maria, mpiga kinanda Franz Tunder alianzisha katika karne ya 17 desturi ya kuwapigia watu muziki nje ya saa za ibada. Mkwewe Dietrich Buxtehude, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1668, aliikuza hata ikawa mfululizo wa jioni 5 kwa mwaka: Jumapili 2 za mwisho za Utatu, na Jumapili ya 2, ya 3 na ya 4 za Majilio. Gharama zilibebwa na wafanyabiashara wa mji. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, bila kiingilio. Mbebaji wa mizigo bandarini aliweza kuketi na kusikia sawasawa na tajiri wake.

Mwaka 1705 kijana wa miaka 20, Johann Sebastian Bach, mpiga kinanda wa mji mdogo wa Arnstadt, aliomba ruhusa ya wiki 4 ili akamsikilize Buxtehude. Kwa mapokeo ya familia yake alikwenda kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, ambao ni mrefu kuliko kutoka Mbeya hadi Iringa. Aliporudi mwanzoni mwa mwaka 1706 alikuwa amekaa huko karibu miezi 4. Wakuu wa kanisa walimwita ajieleze. Hawakumlaumu kwa kuchelewa tu. Walimlaumu pia kwamba anaposindikiza nyimbo za ibada huchanganya humo sauti nyingi ngeni, hata usharika unapotea.

Shauri hilo la Arnstadt lastahili kukumbukwa na kila baraza la wazee lililowahi kukaa kusuluhisha kwaya na usharika. Hata Bach aliambiwa kwamba ufundi wake umewanyamazisha watu. Hakuuacha ufundi, wala kanisa halikuacha kuimba. Lakini lawama ile ilikuwa na maana, kwa sababu ililinda haki ya mama wa kawaida aliyekaa benchini kuujua wimbo wake.

Kutoka Leipzig hadi Mlima Kilimanjaro na Mto Songwe

Kuanzia mwaka 1723 hadi kifo chake mwaka 1750, Bach alikuwa mwalimu na mkuu wa muziki mjini Leipzig, akihudumu hasa katika makanisa ya Mtakatifu Tomaso na Mtakatifu Nikolao. Kazi yake ya Mateso ya Kristo kwa Injili ya Mathayo, iliyoimbwa inavyoaminika kwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya mwaka 1727, haikutungwa kwa ajili ya ukumbi. Ilikuwa sehemu ya ibada ya alasiri, nayo ina sehemu mbili kwa sababu katikati yake mahubiri yalitolewa. Ndani yake, kila mara simulizi linapofikia mahali pa uchungu, huingia tuni fupi ambazo waumini wa Leipzig walizijua tangu utoto. Moja hurudi mara 5: tuni ya wimbo wa Paul Gerhardt kuhusu kichwa cha Bwana kilichovikwa miiba, ambao Walutheri wa Tanzania nao huuimba katika juma la mateso.

Baada ya Bach kufa, kazi hiyo ilisahauliwa na wengi. Felix Mendelssohn, akiwa na umri wa miaka 20, aliifufua mjini Berlin tarehe 11 Machi 1829, safari hii ikiwa tamasha. Hapo ndipo watu wengi walipoanza kuiona kuwa kitu cha kusikilizwa bila mahubiri. Lakini asili yake haikubadilika. Anayeisikia leo katika kanisa kuu anasikia ibada ya Ijumaa Kuu iliyorudi nyumbani.

Mji huohuo wa Leipzig ulikuja kuwa makao ya shirika la misioni ambalo watumishi wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Upande wa kusini, Wamoraviani walikuwa wamekwisha kufika Rungwe mwaka 1891, na Misioni ya Berlin ilifika Konde mwaka huohuo. Watu hao hawakuja na vyombo vya tamasha. Walichoweza kubeba mizigo ya wapagazi ikiwa mingi tayari ni vitabu vya nyimbo, na pengine tarumbeta au kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu. Kwa hiyo wimbo wa usharika ndio uliovuka bahari. Muziki mkubwa uliojengwa juu yake ulibaki nyuma. Hii ndiyo sababu mwanausharika wa bonde la Rukwa aweza kuzijua tuni zilizomo katika kazi za Bach kwa vizazi vitatu bila kulisikia hata mara moja jina la Bach.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kusini magharibi mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Waskoti kutoka Livingstonia walisaidia kwa kadiri walivyoweza hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka hiyo, kanisa la nchi hii ya kusini lilishikwa kwa sehemu kubwa na walimu na wazee wenyeji. Penye vitabu vichache na bila kinanda, wimbo hauna mahali pengine pa kukaa isipokuwa katika vinywa vya watu.

Swali Lililoulizwa Mbozi

Kabla ya vita hiyo jambo moja la maana lilikuwa limetokea si mbali na Kamsamba, katika nchi ya Wanyiha ambayo leo imo katika Mkoa wa Songwe. Mwaka 1899 Mmoraviani Traugott Bachmann, ambaye jina lake lisichanganywe na lile la Bach, alianzisha kituo cha Mbozi. Alijifunza lugha ya watu, akatafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha, na kwa kadiri alivyokaa nao alizidi kujiuliza kama ni lazima Mnyiha aache kuwa Mnyiha ili awe Mkristo. Katika uimbaji alifika mahali ambapo wenzake wengi wa wakati wake hawakuthubutu kufika: aliwaruhusu na kuwahimiza Wakristo wa Mbozi wamwimbie Mungu kwa tuni za kwao.

Wapo walioogopa. Walisema kwamba tuni ya ngoma itamrudisha mwimbaji ngomani. Hofu hiyo isidharauliwe, maana ilitoka kwa watu waliojali wokovu wa wengine, na baadhi yao walikuwa Waafrika waliokwisha kuacha mengi kwa ajili ya imani. Hata hivyo historia ya tuni zenyewe inawajibu. Tuni ile ya mateso inayorudi mara 5 katika kazi ya Bach ilitungwa na Hans Leo Hassler mwaka 1601, nayo wakati ule ilikuwa ya wimbo wa mapenzi, kijana akimlilia msichana. Kanisa liliichukua, likaivika maneno mengine, na baada ya vizazi vichache hakuna aliyekumbuka ilikotoka. Kama wimbo wa kijana wa Nürnberg uliweza kuongozwa hata mguuni pa msalaba, wimbo wa mvunaji wa Mbozi ungezuiwa kwa sababu gani?

Katika miaka ya 1930 Mmoraviani mwingine, Franz Rietzsch, aliyekuwa na elimu ya muziki, alilichunguza jambo hili katika nchi za kusini. Alitambua kwamba tuni za Ulaya za karne ya 19, ambazo wamisionari walizipenda, zilikuwa ngeni zaidi masikioni mwa Waafrika kuliko zile za kale za wakati wa Luther na kabla yake, ambazo muundo wake ulikaribiana na uimbaji wa wenyeji. Kwa maneno mengine, mkulima wa Rungwe na fundi wa Wittenberg wangeweza kuelewana kwa urahisi kuliko mkulima huyo na mtunzi wa Berlin wa juzi.

Kuna pia sababu iliyo wazi kwa kila asemaye Kiswahili. Katika lugha hii mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi za Kijerumani na Kiingereza humalizia mstari kwa silabi yenye mkazo. Maneno ya Kiswahili yakilazimishwa kuingia humo, mwimbaji hujikuta akiitilia nguvu silabi ya mwisho, na neno linapinda. Wazee wetu waliimba hivyo kwa uaminifu mkubwa. Lakini ni kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine: mwendo hufika, ila mguu haukosi kuumia.

Watunzi wa Nyumbani

Haingekuwa haki kuishia hapo, kana kwamba Mwafrika amekuwa wa kupokea au kukataa tu. Mwaka 1897 mwalimu wa shule ya misioni huko Afrika Kusini, Enoch Sontonga, alitunga wimbo wa kuiombea Afrika baraka, akiupanga kwa sauti nne kwa namna ileile ya nyimbo za usharika alizolelewa nazo. Tuni hiyo ndiyo iliyochukuliwa na Tanganyika kuwa wimbo wa taifa mwaka 1961. Mtoto wa shule ya msingi Kamsamba, asimamapo mistarini asubuhi, tayari anasimama katika njia iliyotoka Wittenberg, ikapita mikononi mwa mwalimu Mwafrika, ikamfikia akiwa na sare yake.

Padre Stephen Mbunga, Mkatoliki kutoka kusini mwa Tanzania, alitoa Misa Baba Yetu mwaka 1959, na baadaye akaandika kitabu kuhusu sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka 1964, wakati Mashahidi wa Uganda walipotangazwa kuwa watakatifu, oratorio iliyotungwa na Mganda Joseph Kyagambiddwa kuhusu mashahidi hao iliimbwa mjini Roma. Upande wa Walutheri, kuanzia miaka ya 1960, mwalimu Howard Olson wa Makumira pamoja na wanafunzi wake walikusanya tuni za makabila mbalimbali ya Tanzania na kuzipatia maneno ya ibada katika kitabu cha Tumshangilie Mungu, na baadhi ya tuni hizo sasa huimbwa katika makanisa ya Ulaya na Marekani. Mali imekwenda na mali imerudi.

Jinsi ya Kuketi na Kusikia

Mgeni wetu tuliyemwacha benchini aweza sasa kusikiliza kwa utulivu zaidi. Yako mambo machache ambayo yatamsaidia.

La kwanza ni kinanda chenyewe. Hakina kamba ndani, wala sauti yake haitoki katika spika. Ni kundi la filimbi nyingi, za mbao na za madini, zinazopulizwa na upepo uliohifadhiwa katika mivukuto. Babu wa Ufipa au wa Unyiha aliyefua chuma angeielewa mivukuto hiyo mara moja, kwa kuwa naye alipuliza upepo ili kazi yake ifanyike. Na kabla ya kuja kwa mota za umeme, vinanda vya makanisa makuu navyo vilihitaji watu wa kuvuta mivukuto ibada nzima. Filimbi ndefu hutoa sauti nzito, fupi hutoa nyembamba. Iko ndogo kuliko kalamu, na iko inayompita mtu mrefu. Mpigaji hutumia mikono na miguu pia.

La pili ni jengo. Katika kanisa la mawe lenye dari refu, sauti haifi upesi. Huzunguka na kurudi. Watunzi walilijua hilo, wakaandika muziki usio na haraka, wenye nafasi za kuuacha mwangwi umalize kazi yake. Kanisa la mabati la bonde la Rukwa ni chombo cha namna nyingine. Humo sauti ni kavu na ya karibu, na mvua ya Januari ikishuka juu ya bati hata mhubiri mwenye sauti kubwa hukaa chini akangoja. Hakuna jengo lililo bora mbele za Mungu. Ila kila jengo lina muziki unaolifaa, na kwaya yenye hekima hulisikiliza jengo lake kabla ya kuimba.

La tatu ni ukimya. Desturi ya matamasha hayo ni kutopiga makofi mpaka kazi nzima imalizike, hata kama katikati yake kuna vituo. Kwa mtu aliyezoea kuitikia kwa vigelegele, hilo laweza kuonekana baridi. Si baridi. Ni heshima ileile anayopewa mzee anapokuwa katikati ya maneno yake.

La nne ni kusudi. Handel, ambaye alibatizwa katika Kanisa la Kilutheri mjini Halle mwaka 1685, alitunga Masihi katika majuma machache ya mwaka 1741. Ilipoimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, mapato yalitolewa kwa hospitali mbili na kwa kuwakomboa wafungwa wa madeni. Wanawake waliombwa wasivae magauni yenye pete kubwa, na wanaume waje bila panga zao, ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Haleluya Kuu, ambayo kwaya nyingi za Tanzania huiimba kwa Kiswahili siku ya Pasaka, ilianza safari yake siku ile, ikiwafungulia watu milango ya gereza.

Hatari Iliyopo

Yote haya yangekuwa habari za kupendeza tu kama hali ya uimbaji katika sharika nyingi ingekuwa salama. Haiko salama. Zamani kidogo, wimbo wa kitabu ulipotajwa, kanisa zima liliimba, na sauti ya pili na ya nne zilijitokeza zenyewe kutoka mabenchi ya nyuma, kwa sababu watu walijifunza kwa do re mi shuleni na katika mafundisho ya Kipaimara. Leo, katika sharika nyingi za mijini na vijijini, vyombo vya umeme na vipaza sauti vimewekwa mbele, kwaya hufuatana moja baada ya nyingine, na usharika husimama kutazama. Wengine huimba kwa kufuata kanda iliyorekodiwa. Kitabu cha nyimbo hubaki kwa wazee.

Kwaya zenyewe hazina kosa. Zimeleta vijana wengi kwa Kristo, na tungo zao ni ushuhuda wa imani hai. Lakini jambo ambalo Luther alilirudisha kwa watu mwaka 1524 laweza kuondoka mikononi mwao tena bila mtu yeyote kukusudia. Wakuu wa Arnstadt walimlaumu Bach kwa sababu usharika ulipotea kwa dakika chache. Sharika za leo zinaweza kupotea kwa kizazi kizima pasipo mtu kuandika hata barua moja ya malalamiko.

Hapa ndipo mfano wa Heinrich Schütz unapofaa. Mlutheri huyu, aliyezaliwa mwaka 1585, alijifunza Venezia jinsi ya kupanga kwaya kubwa zinazojibizana ndani ya kanisa kuu, akawa mkuu wa muziki huko Dresden. Kisha vikaja Vita vya Miaka 30, kuanzia 1618 hadi 1648. Fedha zilikwisha, waimbaji wakatawanyika, wengine wakafa. Schütz hakufunga kazi. Mwaka 1636 na 1639 alichapisha mafungu mawili ya nyimbo takatifu ndogo, za sauti moja hadi tano tu na kinanda kidogo, kwa ajili ya makanisa yaliyobakiwa na watu wachache. Nyimbo hizo huimbwa hadi sasa katika makanisa makuu yenye fahari, nazo zilitungwa kwa ajili ya umaskini.

Mtaa wenye waimbaji wanne chini ya mwembe, basi, haukosi kitu cha lazima. Unachohitaji ni waimbaji hao wanne wajue wanaimba nini, na wengine waliokaa wapewe nafasi ya kuitikia. Hilo laweza kufanyika bila gharama: wimbo mmoja wa kitabu kila juma ufundishwe kwa sauti zake, vipaza sauti vizimwe kwa ubeti mmoja ili watu wajisikie, wazee wanaozijua tuni za Kinyiha na za makabila ya bondeni waimbe mbele ya vijana, nao vijana waziandike kwa do re mi na kuzihifadhi katika simu zao, kabla wazee hawajaitwa nyumbani. Kazi aliyoianza Bachmann Mbozi haijakamilika, nayo haimngojei mgeni mwingine aje kuikamilisha.

Hitimisho

Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 5, chaeleza siku hekalu la Sulemani lilipowekwa wakfu. Wapiga tarumbeta na waimbaji walipokuwa kama mtu mmoja, nyumba ikajaa wingu, hata makuhani hawakuweza kusimama kufanya kazi yao. Mwandishi hakutaja uzuri wa sauti ya mmoja wao. Alitaja umoja wao.

Mwishoni mwa nyingi za kazi zake Bach aliandika herufi tatu, S.D.G., ambazo kwa Kilatini ni kifupi cha maneno yenye maana ya utukufu kwa Mungu peke yake. Aliziandika katika kazi kubwa na ndogo sawasawa. Tamasha likiisha katika Kanisa Kuu la Azania Front, na mgeni wa Kamsamba akitoka nje kwenye upepo wa bandari, swali lake limejibiwa. Hakuja kusikiliza mali ya wengine. Tuni zilizojengewa nyumba ile kubwa amekuwa akizibeba tangu Kipaimara chake, na nyumba ile ilikuwa ikingoja azitambue.

Kesho atapanda basi na kurudi. Jumapili, chini ya bati lenye joto, mzee wa kanisa atataja namba ya wimbo. Hapo ndipo itakapojulikana kama urithi huo bado una mwenyewe.